Rusheni Ndege Siku Isiyo na Wingu

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania; nakala kwa wenzake wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kila mabwawa yanapopungua, swali lilelile hurudi bungeni, vijiweni na kwenye simu za wasikilizaji wa redio: kwa nini Serikali isitengeneze mvua? Siandiki kuunga mkono hoja hiyo wala kuipinga. Ninaomba jambo moja. Siku mtakayosukumwa kulijibu swali hilo kwa ndege, safari za kwanza ziwe za siku kavu, kando ya milima, pasipo wingu hata la kusingizia. Na matokeo ya safari hizo yawekwe hadharani kabla shilingi moja ya umma haijatumika kumwaga chumvi kwenye wingu la kweli.

Najua ombi hili linachekesha. Kulipia mafuta ya ndege ili ishughulike na mvua siku ambayo mkulima wa Mgeta, kule Uluguru, akitazama juu, anaanika maharage yake bila wasiwasi! Lakini siku hiyo ndiyo ambayo hakuna atakayeweza kuwadanganya, na ninyi wenyewe hamtajidanganya.

Tatizo la siku ya mawingu mnalijua kuliko mimi. Ndege inapanda, inawasha fataki za chumvi zilizofungwa mbawani, inatua. Saa mbili baadaye inanyesha. Nani atasema isingenyesha? Wingu lililokuwa tayari kunyesha litanyesha, na mwenye ndege atapiga picha ya barabara iliyolowa na kuituma pamoja na ankara. Israeli ilianza kumwaga iodidi ya fedha mawinguni mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa miongo mingi ikawa ndiyo nchi inayotajwa kila mtu anapotaka mfano wa mafanikio. Kisha wakaamua kujipima upya. Kuanzia 2013 hadi 2020, kaskazini mwa nchi, kura ndiyo iliyoamua ni lini mawingu yamwagiwe na ni lini yaachwe. Ongezeko la mvua lilikuwa asilimia 1.8, kiasi ambacho bahati peke yake ingeweza kukileta. Wakasitisha kazi. Jimbo la Wyoming kule Marekani, lililotumia mitambo ya ardhini kwenye milima ya Medicine Bow na Sierra Madre, lilipiga kura ya aina hiyo kwa misimu sita ya baridi. Likapata asilimia 3, na uwezekano wa asilimia 28 kwamba bahati peke yake ingeweza kuleta hata hiyo 3.

Waliofanikiwa kuona tofauti kwa rada, waliiona kwa sababu anga lenyewe lilikuwa halifanyi lolote. Januari 2017, juu ya milima ya Idaho, watafiti walirusha ndege iliyomwaga iodidi ya fedha kwa mwendo wa kwenda na kurudi ndani ya mawingu baridi ambayo yalikuwa hayadondoshi karibu chochote. Rada ikaonyesha theluji ikianza kwenye mistari ileile ya njia ya ndege, vitu ambavyo hali ya hewa haichori yenyewe. Katika matukio matatu walipima jumla ya maji yapatayo mita za ujazo 700,000. Ni ushahidi safi kuliko wote ninaoufahamu. Pia ni maji kidogo: bwawa la Mtera likijaa hubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 3.

Na mbinu ya Idaho haitufai sisi, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Iodidi ya fedha hufanya kazi kwenye matone yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda, kuanzia nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri. Katika latitudo yetu, baridi ya namna hiyo huanza zaidi ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Wastani wa joto kwenye kilele cha Kibo, mita 5,895, ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba ukitaka kutumia dawa ya Idaho Tanzania, unapaswa kuwa karibu na barafu ya Kilimanjaro, wakati mvua nyingi ya mlima huo hunyesha kwenye msitu wa kusini, kwenye mita elfu mbili na kitu, kutoka mawingu yenye joto. Uluguru na Usambara haziufikii kabisa urefu huo. Kwetu njia iliyobaki ni chumvi. Na chumvi ndiyo inayotupeleka kwenye anga tupu.

Mnaukumbuka mwaka 2006. Ukame ulishusha Mtera, umeme ukawa wa mgao, na katika hekaheka hizo Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, akatueleza habari za mvua ya kutengeneza ya Thailand. Wengi wakacheka. Mambo mengine yakaja, mpango ukasahaulika. Mimi sikusikitika kwamba haukutekelezwa. Nilisikitika kwamba tulicheka bila mtu yeyote kutueleza mbinu yenyewe ikoje, kwa sababu ilikuwa na jambo la kuuliza kweli.

Mbinu ya Thailand inatokana na Mfalme Bhumibol, aliyeanza kuifikiria mwaka 1955, na jaribio lake la kwanza lilifanyika mwaka 1969 kwenye eneo la milima la Khao Yai. Ina hatua tatu: kuchokoza, kunenepesha na kushambulia. Hatua ya pili na ya tatu zinahusu mawingu yaliyopo. Ya kwanza haina wingu. Asubuhi, upande unaotoka upepo, ndege humwaga unga wa chumvi katika anga jeupe, kwenye kimo cha futi 7,000 hivi, mradi unyevu wa hewa uzidi asilimia 60. Nadharia ni kwamba chumvi itafyonza mvuke, itatoa joto, hewa itapanda, na mawingu yatajitunga kabla ya saa sita mchana.

Hapo ndipo ningependa mtaalamu wenu asimame aulize. Wingu hujitunga hewa inapopanda na kupoa. Mlima unaipandisha, jua linaipandisha. Viini vya kushikia maji havijawahi kuadimika kwetu: kuna chumvi ya Bahari ya Hindi, kuna vumbi, na kuna moshi wa mashamba yanayochomwa kila kiangazi. Tena chumvi ya kawaida haianzi kuyeyuka kwa unyevu wa asilimia 60. Inasubiri kama 75. Chini ya hapo ni vumbi jeupe linaloelea. Na lile joto? Tuseme kwa ukarimu kwamba ndege imebeba tani nzima ya chokaa isiyozimwa, ambayo hutoa joto jingi kuliko chumvi. Ikikutana na maji hutoa takriban jouli bilioni 1.1. Jua la saa nne asubuhi likipiga kilometa moja ya mraba ya mteremko, huleta joto hilo ndani ya sekunde mbili au tatu. Kushindana na jua ili kuipandisha hewa ya Uluguru ni kupeleka kibiriti kwenye tanuri la matofali.

Lakini hesabu ya karatasi haitoshi kumaliza ubishi, na Wathai wana miaka zaidi ya 50 ya uzoefu ambao si haki kuufuta kwa aya moja. Basi ipimwe. Uzuri wa hatua ya kuchokoza ni kwamba inadai kutokea mbele ya macho yetu, pasipo na kitu, kwa muda maalumu. Hakuna dai lililo rahisi zaidi kulijaribu. Gunia moja liwe na chumvi, jingine liwe na unga usiofyonza maji wenye rangi na uzito uleule. Magunia yafungwe na kuandikwa namba na mtu ambaye hatapanda ndege. Kura ichague la leo. Rubani asijue, mwendeshaji wa rada asijue, na anayehesabu mawingu kwenye picha za kamera zilizotegwa bondeni asijue. Mwisho wa misimu, bahasha ifunguliwe. Mawingu yakiwa mengi zaidi siku za chumvi, nitakuwa wa kwanza kuandika kwamba Lowassa alichekwa bure.

Misimu nasema kwa makusudi. Wakati wa kaskazi na wakati wa kusi mlima haupokei upepo upande mmoja, na mwenye kupima Januari pekee atakuwa amepima nusu ya nchi.

Ningechagua Uluguru, si Kilimanjaro. Kilimanjaro inapendwa na kamera, na ndiyo maana kila mradi wa aina hii ungetaka kuanzia huko. Lakini maji tunayoyalilia yanatoka Uluguru. Mto Ruvu unaanzia kule, na ulipopungua Oktoba 2022 Dar es Salaam nzima ilijifunza upya kubeba ndoo. Safu yake ni fupi, inazungukika kwa ndege kwa muda mdogo, na mashariki yake ni mvua tupu ilhali magharibi, upande wa Mgeta, ni kukavu zaidi, tofauti ambayo mlima wenyewe umeichora. Jambo jingine: kilele cha Kimhandu kina mita 2,630. Futi 7,000 ni kama mita 2,130. Rubani atakayefuata kitabu cha Kithai bila kukisahihisha atakuwa anaruka chini ya mgongo wa mlima.

Hilo linanileta kwenye usalama, ambao katika mijadala yetu ya mvua huwa hautajwi kabisa. Watu hudhani anga jeupe ni anga salama. Tarehe 5 Machi 1966, ndege ya abiria aina ya Boeing 707 ya shirika la BOAC iliondoka Tokyo mchana mweupe, ikapita karibu na Mlima Fuji, ikavunjikavunjika angani. Watu wote 124 walikufa. Hapakuwa na dhoruba. Upepo mkali ulikuwa unavuka kilele, na upande wa pili hewa ilikuwa inajikunja kwa nguvu bila wingu la kuionyesha. Ndege ndogo ya utafiti, inayotambaa kando ya mteremko makusudi, iko kwenye hatari hiyo kila inapovuka upande uliokingwa na upepo. Kwa hiyo safari za kwanza kabisa zisiwe na chumvi wala unga. Ziwe za vipimo tu: joto, unyevu, upepo, chembe zilizomo hewani, mtikisiko, kimo kwa kimo, asubuhi kwa asubuhi. Hata kama hatutamwaga kitu maisha yetu yote, vipimo hivyo vitawafaa marubani wa kila siku na utabiri wenu wa masika.

Baada ya hapo lipo swali la pili ambalo anga tupu hulijibu vizuri kuliko wingu: moshi unakwenda wapi? Hili limewaaibisha wengi. Kule Utah, kwenye nyanda za juu za Wasatch, watafiti walipofuatilia moshi wa iodidi ya fedha uliokuwa ukiwashwa bondeni, waligundua kwamba mara nyingi ulikwama hukohuko chini. Usiku hewa baridi huteremka na kujaa bondeni, juu yake linakaa tabaka lenye joto zaidi, na moshi hauna njia ya kupita. Mtu analipa, mtambo unawaka, dawa inalala kijijini. Sisi tunayo mabonde ya namna hiyo. Yeyote aliyewahi kuona moshi wa majiko ukitanda bila kupanda asubuhi ya Juni katika mabonde ya Lushoto hahitaji kuelezwa.

Waaustralia kwenye Snowy Mountains walikuwa na njia ya kupendeza ya kuufuatilia. Pamoja na iodidi ya fedha waliachia unga wa indiamu, ambao hautengenezi barafu. Kisha wakachukua theluji na kupima vyote viwili. Kama fedha na indiamu vimefika kwa uwiano uleule vilivyoachiwa, basi theluji imevifagia tu hewani ikiwa njiani. Kama fedha imezidi, basi imefanya kazi ya kuanzisha theluji yenyewe. Kwetu hakuna theluji ya kuchota, lakini wazo la kuweka alama linawezekana. Ndege inayoweza kugeuka na kuukata moshi wake mwenyewe, kilometa moja nyuma, tano, kumi, itarudi na ramani. Ninachoomba ni ramani hiyo. Nani yuko chini ya moshi, kwa saa ngapi, kwa kiasi gani.

Kwa sababu watu watauliza, na hapa siongelei fizikia tena. Aprili 2024 mvua kubwa ilipiga Falme za Kiarabu na Oman. Kituo cha Khatm Al Shakla, karibu na Al Ain, kilipima milimita 254.8 kwa chini ya saa 24. Dubai ikawa ziwa. Oman, nchi yenye maelfu ya ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, ilizika watoto wa shule waliosombwa na maji ya wadi, yaani bonde la mto wa msimu. Kwa kuwa Falme za Kiarabu zina mpango mkubwa wa mvua ya kutengeneza, na ndege zake zinaruka kutoka Al Ain penye milima ya Hajar, dunia nzima ilishaamua mkosaji kabla maji hayajapungua. Kituo chao cha hali ya hewa kikasema hakuna ndege iliyomwaga kitu katika dhoruba ile. Wanasayansi wa nje wakaeleza kwamba dhoruba ya ukubwa ule haihitaji chumvi ya mtu, nami nakubaliana nao. Haikusaidia sana. Taarifa ya kujitetea iliyotoka baada ya mafuriko inasomwa tofauti na kumbukumbu za safari zilizokuwa wazi kabla yake.

Mwezi huohuo, Rufiji ilikuwa chini ya maji. Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kutokana na mvua na mafuriko ya msimu ule. Mnakumbuka lawama zilikoelekea: Bwawa la Julius Nyerere. Serikali ilieleza tena na tena kwamba bwawa lilizuia maji mengi, si kuyaleta, na bado ukienda Muhoro leo utaambiwa vinginevyo. Sasa fikirieni kama mwaka ule tungekuwa na ndege hata moja iliyopita juu ya Uluguru na fataki mbawani. Hakuna ripoti ambayo ingewaokoa, kwa sababu ingekuwa imeandikwa na mshtakiwa. Safari za anga tupu, zilizotangazwa siku moja kabla kwenye redio za Morogoro na kuwekwa pamoja na ramani ya njia, zingewapa wananchi mazoea ya kujua ndege ile ni ya nani na imebeba nini. Imani hiyo haijengwi wakati wa dhoruba.

Ndiyo sababu nimewapa nakala Wakenya pia. Mkiamua, kinyume na ushauri wangu, kuanzia Kilimanjaro, moshi utavuka mpaka bila pasipoti. Loitokitok iko mteremkoni, chemchemi za Amboseli zinalishwa na mlima huohuo, na mto Lumi unaingia Kenya kabla ya kufika Ziwa Jipe. Ikikauka Taveta mwaka mmewasha fataki, mtaambiwa mmeiba wingu. Kenya nayo ina uzoefu ambao haujatumika: katika miaka ya 1960 na 1970 mashamba ya chai ya Kericho na Nandi yalipambana na mvua ya mawe kwa roketi, kisha kwa ndege zilizowasha iodidi ya fedha chini ya mawingu. Waliokuwa wakiruka kandokando ya nyanda zile waliandika mengi kuhusu hewa yetu ya milimani.

Mtaniambia hakuna fedha. Naelewa, vituo vya kupima mvua vyenyewe havitoshi. Ila basi jibu hilohilo litolewe hata kwa mwenye kuuza mvua. Gharama ya kuruka siku kavu ni sehemu ndogo ya gharama ya msimu mzima wa kumwaga, na nchi isiyomudu kipimo haiwezi kudai inamudu dawa. Na Mtera, ambako hekaheka za 2006 zilianzia, tatizo halikuwa mawingu peke yake. Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1990, maji yake yakiwa yameishia kwenye majaruba ya Usangu. Ndege haiwezi kuliamua shauri hilo.

Kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji ndege wala bajeti, nacho naomba kwanza. Mwaka 1952, Kongwa, mahali palepale ambapo mradi wa karanga wa Waingereza ulikuwa umetoka kufa kwa kukosa mvua na mengine mengi, Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilifanya majaribio ya kupeleka chumvi mawinguni kwa baluni. Mkuu wa idara, D. A. Davies, alikwenda baadaye kuwa Katibu Mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kuanzia 1955 hadi 1979. Ripoti ya Kongwa iliandikwa na kuchapishwa. Ninyi ndio warithi wa idara ile kwa upande wa Tanzania. Itafuteni kwenye makabati, iwekeni kwenye tovuti yenu, na mtu mmoja ofisini kwenu aandike kurasa mbili za Kiswahili kuhusu walichofanya, siku ngapi walimwaga, siku ngapi waliacha, na walichokiona. Tukishaisoma, tutazungumza kuhusu Uluguru.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Morogoro